Skrini ya Pili Mezani: Mwananchi Azione Taarifa Zake Kabla Hazijatumwa

Huduma nyingi zinazotolewa katika ngazi ya kata na wilaya siku hizi huanzia kwenye kompyuta. Mfanyabiashara huomba leseni kwa njia ya mfumo wa Tausi. Mwanafunzi anayetafuta mkopo wa elimu ya juu hujaza fomu mtandaoni, na anayetaka cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe hutuma maombi kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, kwa njia hiyo hiyo. Wengi hawajazi fomu hizo wenyewe. Huketi mbele ya meza ya mtumishi wa ofisi, au kwenye kiti cha duka la stesheneri, wakataja majina, tarehe na namba, na mtu mwingine akaandika.

Katika mpangilio huo, anayeandika huiona skrini, ilhali mwenye taarifa huona mgongo wake tu. Husikia vidole vikigonga kibodi, kisha huulizwa, "Ni sawa?" Naye huitika kuwa ni sawa, ingawa hajaona kitu. Dawa ya hali hiyo si ngumu wala si ya gharama kubwa: ni kuweka skrini ya pili inayomwelekea mwananchi. Kompyuta nyingi za kawaida za ofisini zina uwezo huo tayari, bila ya kununuliwa kifaa kingine ndani yake. Makala haya yanaeleza namna uwezo huo unavyofanya kazi, vifaa vinavyohitajika, na tahadhari zinazopasa kuchukuliwa.

Kosa la herufi moja

Majina mengi yanayotumika nchini huandikwa kwa njia zaidi ya moja. Ramadhani huandikwa pia Ramadhan. Salumu huandikwa Salum. Athumani huandikwa Othman. Mwanahamisi huandikwa Mwanahamis. Masikioni mwa jirani, huyo ni mtu yule yule. Kwa mfumo wa kompyuta, hao ni watu wawili. Mama anayelitaja jina la mwanawe kwa sauti hawezi kujua kama herufi ya mwisho imeandikwa au imeachwa. Hali kadhalika kwa tarehe: aliyezaliwa tarehe 3 mwezi wa 7 huweza kuandikwa kuwa alizaliwa tarehe 7 mwezi wa 3, na kosa hilo halisikiki.

Kosa likionekana kabla ya fomu kutumwa, hurekebishwa papo hapo. Likionekana baadaye, huwa safari. Mwananchi hutakiwa kuomba marekebisho, pengine kuandaa hati ya kiapo, kulipa nauli na kupoteza siku za kazi. Kwa mwanafunzi ambaye jina la cheti chake cha kuzaliwa halilingani na la cheti cha shule, muda wa kurekebisha huweza kuupita muda wa mwisho wa maombi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake na kutaka zisizo sahihi zirekebishwe. Skrini ya pili haiongezi haki mpya. Kazi yake ni kumwezesha mwananchi kuona mapema, kosa lisijekuwa shauri la kurekebishwa.

Uwezo uliomo tayari ndani ya kompyuta

Wengi hudhani kwamba ili kompyuta iendeshe skrini mbili ni lazima inunuliwe kadi maalumu ya picha. Dhana hiyo ina chanzo chake. Kompyuta za wasanifu majengo na za wachezaji wa michezo huwa na kadi hiyo, yenye feni yake na kumbukumbu yake, na bei yake si ndogo. Kompyuta nyingi za ofisini hazina kadi kama hiyo kwa sababu haihitajiki: mtambo wa kuchora picha umejengwa ndani ya prosesa yenyewe, nao huazima sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta iitwayo RAM.

Ukubwa wa kazi yenyewe hupimika. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na nukta 1,080 kwa kimo, ambazo jumla yake ni nukta 2,073,600. Kila nukta huhifadhiwa kwa baiti 4, hivyo picha moja kamili huchukua takriban megabaiti 8. Skrini mbili huchukua takriban megabaiti 17. Hata mfumo ukitunza nakala kadhaa za picha hizo, mzigo huo ni mdogo kwa kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4, ambayo ina megabaiti zaidi ya 4,000. Kinachoulemea mtambo huu ni michezo na kazi nzito za video. Fomu, barua na majedwali haviusumbui.

Idadi ya skrini zinazoweza kuendeshwa kwa wakati mmoja hutegemea prosesa. Prosesa za Intel Core za kizazi cha pili, zilizoingia sokoni mwaka 2011, huhudumia skrini 2. Za kizazi cha tatu, za mwaka 2012, huweza kuhudumia skrini 3. Kizazi hutambulikana kwa tarakimu zinazofuata kistari katika jina la prosesa: i5-2400 ni ya kizazi cha pili, i3-3220 ni ya kizazi cha tatu, na i5-10400 ni ya kizazi cha kumi. Hivyo basi, hata kompyuta ya mtumba iliyotumika miaka mingi huweza kuifanya kazi hii.

Yapo mambo mawili ya kuangalia kabla ya kununua. La kwanza, prosesa ya Intel ambayo jina lake linaishia na herufi F, mfano i5-10400F, haina mtambo wa picha unaotumika. Kompyuta yake haitoi picha bila ya kadi. Kwa upande wa AMD, Ryzen 5 5600G ina mtambo huo, ilhali Ryzen 5 5600X haina. La pili, matundu matatu nyuma ya kompyuta si ahadi ya skrini tatu. Matundu ni milango tu, na prosesa ndiyo yenye kuamua ni mingapi itakayofunguliwa kwa pamoja.

Kuyatambua matundu na nyaya

Kila skrini inahitaji tundu lake kwenye kompyuta. Si lazima matundu hayo mawili yafanane. Skrini moja huweza kupita kwenye VGA na nyingine kwenye HDMI. Aina zinazokutikana sana ni nne.

VGA ni la zamani kuliko yote, la tangu mwaka 1987. Mara nyingi huwa na rangi ya buluu, lina vitundu 15 katika safu tatu, na waya wake hufungwa kwa skrubu mbili. DVI, la mwaka 1999, ni pana zaidi na aghalabu huwa jeupe. HDMI, la mwaka 2002, ndilo lile lililoko kwenye televisheni bapa. Pembe zake mbili za chini zimekatwa kwa mshazari. DisplayPort, la mwaka 2006, hufanana na HDMI kwa mbali, lakini pembe yake moja tu ndiyo iliyokatwa.

Kufanana huko kwa HDMI na DisplayPort huleta hasara. Kompyuta nyingi za ofisini zilizouzwa tena kama mtumba zina tundu la VGA na la DisplayPort. Mnunuzi huja na waya wa HDMI, akaona hauingii, akahitimisha kuwa tundu ni bovu na kwamba sharti kadi inunuliwe. Tundu ni zima. Kinachohitajika ni waya wenye kichwa cha DisplayPort upande wa kompyuta na kichwa cha HDMI upande wa skrini. Nyaya za namna hiyo kwa kawaida hupitisha picha upande mmoja tu, kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye skrini. Kwa hiyo muuzaji aelezwe wazi ni kichwa kipi kitakaa upande upi.

Endapo skrini ya zamani ina VGA pekee na kompyuta imebakiwa na tundu la HDMI, waya mtupu hautoshi. VGA hubeba picha kwa mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka, ilhali HDMI huibeba kwa tarakimu. Inahitajika adapta yenye saketi ndani yake ya kuibadilisha picha kutoka namna moja kwenda nyingine.

Kifaa kimoja cha kuepukwa ni waya wa pacha, wenye kichwa kimoja upande wa kompyuta na vichwa viwili upande wa skrini. Waya huo huligawa tundu moja, hivyo skrini zote mbili huonyesha picha ile ile. Kwa kazi inayoelezwa hapa, haufai, na sababu yake itaonekana mbele.

Mwenye kompyuta mpakato ana nafuu zaidi. Skrini yake mwenyewe ni ya kwanza. Akiunganisha ya nje kwenye tundu la HDMI, amekwisha kupata mbili. Hata televisheni bapa ya zamani yenye tundu hilo huweza kutumika.

Hatua za kuunganisha

Kwanza, kompyuta na skrini zote mbili zizimwe, kisha nyaya zichomekwe. Skrubu za VGA zikazwe kwa vidole, bila nguvu. Waya wowote usiovutika kuingia usilazimishwe. Pengine umegeuzwa, au si wa tundu hilo.

Pili, skrini ziwashwe kabla ya kompyuta, ili kompyuta inapoamka izikute zote mbili zikiwa tayari.

Tatu, kwenye kompyuta inayotumia Windows, kitufe chenye alama ya dirisha kishikiliwe na herufi P ibonyezwe. Litatokea jedwali la machaguo manne: kutumia skrini ya kompyuta pekee, kurudia picha ile ile kwenye skrini zote mbili, kupanua eneo la kazi lienee kwenye skrini zote mbili, na kutumia skrini ya pili pekee. Lichaguliwe la tatu.

Nne, kitufe cha kulia cha kipanya kibofywe mahali patupu kwenye skrini, kisha ifunguliwe mipangilio ya skrini. Humo huonekana mistatili miwili yenye namba 1 na 2. Mistatili hiyo iburutwe ifuate mpangilio wa mezani: ikiwa skrini ya mwananchi iko kushoto kwa mtumishi, mstatili wake nao uwekwe kushoto. Hatua hii ikirukwa, kishale cha kipanya hupotelea upande usiotarajiwa.

Tano, skrini ya mtumishi ichaguliwe na kuwekwa alama ya kuwa ndiyo kuu. Mfumo hupendelea kufungulia mambo yake kwenye skrini kuu, na jumbe zinazochomoza ghafla hutokea huko.

Sita, kwa kila skrini uchaguliwe ukubwa wa picha ambao mfumo wenyewe unaupendekeza. Kwa skrini ya mwananchi, maandishi yakuzwe hadi asilimia 125 au 150, ili mzee asiyeona vizuri asome jina lake bila kuinuka kitini.

Kupanua, si kurudia

Tofauti kati ya kurudia na kupanua ndiyo kiini cha jambo hili. Picha inaporudiwa, mwananchi huona kila anachokiona mtumishi: barua pepe ya ofisi, orodha ya waombaji waliotangulia, namba za simu za watu asiowajua. Kwa nia ya kumwonyesha mtu taarifa zake, ofisi huwa imeanika za wengine.

Eneo la kazi linapopanuliwa, skrini ya pili hubaki tupu mpaka mtumishi apeleke kitu huko. Hujaza fomu kwenye skrini yake. Akimaliza, hulisogeza dirisha la fomu hiyo pekee. Njia ya haraka ni kushikilia kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na kile cha Shift, kisha kubonyeza mshale wa kushoto au wa kulia. Dirisha huhama lote kwa mara moja. Mwananchi akishasoma na kuridhika, dirisha hurudishwa kwa njia hiyo hiyo, kabla ya mwingine kuketi.

Jambo la pili ni mahali pa kuiweka. Skrini inayomtazama mwananchi huweza pia kuitazama foleni iliyo nyuma yake. Kwa hiyo yafaa iwekwe pembeni mwa meza na kuelekezwa ukutani kwa mshazari, na foleni ianzie hatua kadhaa kutoka mezani. Waya nao usipite mahali ambapo watu hukanyaga.

Umeme na nafasi

Skrini bapa ya kawaida haitumii umeme mwingi. Kiasi chake huandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, kwa wati. Tuseme ni wati 25: ikiwashwa saa 8 kwa siku, hutumia wati-saa 200, yaani sehemu ya tano ya uniti moja ya LUKU. Kwa siku 22 za kazi katika mwezi, jumla ni uniti 4.4. Mwenye duka huweza kuizidisha hesabu hiyo kwa bei ya uniti anayolipa na kupata gharama yake halisi.

Penye kifaa cha kuhifadhi umeme, maarufu kwa jina la UPS, ni vema kikaendesha kompyuta pamoja na skrini zote mbili. Mzigo ukiongezeka, muda wa kuhimili umeme ukikatika hupungua. Iwapo UPS ni ndogo, skrini ya mtumishi ndiyo ipewe kipaumbele, ili fomu ihifadhiwe kabla giza halijatanda.

Skrini isipowaka

Hitilafu nyingi hazihitaji fundi. Skrini ikionyesha ujumbe kwamba haipati picha, yaangaliwe mambo haya kwa mfuatano: je, waya umekaza pande zote mbili? Je, skrini yenyewe, kupitia vitufe vyake, imechaguliwa kupokea picha kutoka kwenye tundu linalotumika? Skrini yenye VGA na HDMI huweza kuwa inasubiri picha kwenye VGA ilhali waya uko kwenye HDMI.

Ikiwa kompyuta ina kadi ya picha, mara nyingi matundu ya ubao mkuu huwa yamezimwa, na skrini zote mbili hupaswa kuunganishwa kwenye kadi. Ikiwa haina kadi na skrini ya pili bado haitambuliwi, huenda inakosekana draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuutumia mtambo wake wa picha kikamilifu. Draiva hupakuliwa bure kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa prosesa. Hakuna sababu ya kuilipia. Jaribio jingine jepesi ni kubadilishana nyaya kati ya skrini mbili. Hitilafu ikihama pamoja na waya, waya ndio mbovu. Ikibaki kwenye skrini ile ile, skrini ndiyo ichunguzwe.

Kompyuta za ofisi za umma ni mali ya umma. Kuzifungua, kuziongezea vifaa au kuziwekea programu ni kazi ya Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri, na ofisi ya kata inayohitaji skrini ya pili hupeleka maombi yake huko. Mwenye duka la stesheneri anaweza kufuata hatua zilizoelezwa hapa kwa mikono yake mwenyewe.

Mwananchi na haki ya kusoma

Mahali ambapo skrini ya pili haijawekwa, mwananchi hajafungiwa mlango. Anaweza kuomba skrini iliyopo igeuzwe kidogo, au fomu ichapishwe kwanza, aisome kabla haijatumwa. Ombi hilo si dharau kwa mtumishi. Linawakinga wote wawili.

Yapo mambo manne ya kusomwa kwa makini. Jina lilinganishwe na cheti, herufi kwa herufi. Tarehe ya kuzaliwa isomwe siku, mwezi na mwaka. Namba ya simu isomwe tarakimu moja moja, kwa kuwa ujumbe wa malipo na majibu hutumwa huko. Namba ya kitambulisho cha taifa ihesabiwe: ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye nayo. Tarakimu hizo zisipolingana na tarehe iliyoandikwa kwenye fomu, kuna kosa mahali.

Asiyejua kusoma aende na mtu anayemwamini, au amwombe mtumishi amtajie jina lake herufi kwa herufi huku akilinganisha na cheti alichokishika mkononi. Kisha, baada ya kuona au kusikia, ndipo aseme kwamba ni sawa.